Namna ya Kujifunza Msamiati wa Kiingereza cha Kitaaluma kuhusu Kipaji, Akili na Bidii: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Unguja na Pemba

Mwanafunzi wa Unguja au Pemba aliyemaliza kidato cha nne ameshasoma biolojia, fizikia na hisabati kwa Kiingereza kwa miaka kadhaa, na mara nyingi istilahi za masomo hayo anazijua kwa Kiingereza kuliko kwa Kiswahili. Lakini mpe insha fupi inayouliza kama mafanikio hutokana na kipaji cha kuzaliwa nacho au na bidii, naye atazunguka ndani ya maneno matatu, "clever", "intelligent" na "hard work", akiyarudia mpaka ukurasa uishe. Mada yenyewe si ngeni kwake. Barazani na nyumbani anasikia kila siku kwamba fulani ana akili, fulani ana kipaji, fulani hana akili nyingi lakini anajituma, na kila mwaka matokeo ya kuchaguliwa kuingia madarasa ya vipawa na michipuo yanapotoka, mjadala huo huo huanza upya. Kinachokosekana ni maneno ya kulisema jambo hili katika Kiingereza cha wasomi: kile cha makala za saikolojia ya elimu, cha mtihani wa IELTS unaopima Kiingereza cha wanaotaka kusoma nje, na cha barua za kuombea nafasi ya masomo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi huyo, awe kidato cha tano, awe mwaka wa kwanza wa chuo kikuu pale Tunguu, au awe anajiandaa kwenda kusoma nje. Umejengwa juu ya rai moja, kwamba msamiati wa mada hii haujifunziki kwa orodha ya maneno na maana zake, kwa kuwa karibu kila neno limeshachukua upande katika mjadala. Anayeandika "gifted" ameshatoa hukumu juu ya chanzo cha uwezo, na anayeandika "accomplished" ametoa hukumu nyengine, hata kama wote wawili wanamzungumzia mtu mmoja.

Hatua ya 1: Tayarisha vifaa

Kamusi mbili zinatosha. Ya kwanza ni ya Kiingereza kwa Kiswahili, kama ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), ya kukupa maana ya haraka. Ya pili, ambayo ndiyo utakayoitumia zaidi, ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanaojifunza lugha hiyo. Kamusi kubwa za aina hii zinapatikana bure kwenye intaneti. Huonesha kama nomino inahesabika au haihesabiki, huonesha kihusishi kinachofuata neno, na huwa na sauti ya matamshi. Kama bando ni tatizo, tafuta nakala ya karatasi katika maktaba ya skuli, katika maktaba kuu ya Maisara, au kwa walioko Pemba, katika ile ya Chake Chake.

Ijue pia orodha ya maneno ya kitaaluma iliyotungwa na Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria mjini Wellington, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2000. Ina familia 570 za maneno yanayojitokeza katika fani mbali mbali, nje ya yale 2,000 ya kawaida kabisa, na maneno hayo huchukua takriban asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Usiikariri. Itumie kuamua neno lipi litangulie. Maneno "potential", "acquire", "factor", "assess" na "attribute" yamo humo, kwa hiyo yatakufaa hata ukija kusoma uchumi au uuguzi. "Prodigy", ambalo ni mtoto mwenye uwezo wa ajabu, na "precocious", ambalo ni kupevuka kabla ya wakati, hayamo, na nje ya mada hii utayakuta kwa nadra. Wanafunzi wengi huanza na haya ya pili kwa sababu yana mvuto, na ndiyo maana insha zao hujaa maneno makubwa yaliyosimama juu ya sentensi dhaifu.

Hatua ya 2: Gawa maneno kwa chanzo cha uwezo

Fungua daftari na utenge kurasa za mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kile ambacho mtu amepewa: "gift", "gifted", "giftedness", "talent", "innate", "inborn", "inherit", "heredity", "endowed with". Mswahili hapati tabu hapa, kwani kipawa nacho ni kitu alichopewa mtu. Fungu la pili ni la kile kinachodaiwa kupimika: "intelligence", "cognitive", "reasoning", "assess", "score", "above average". Fungu la tatu ni la kile kilichochumwa kwa jasho: "effort", "diligence", "perseverance", "dedication", "practice", "attain", "mastery", "expertise".

Kisha yatazame maneno yanayokataa kukaa katika fungu moja, maana hayo ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa mwandishi. "Ability" ni uwezo uliopo, bila kusema umetoka wapi. "Skill" ni ustadi uliojifunzwa. "Aptitude" ni wepesi wa kujifunza jambo fulani kabla hujalijifunza, na ndiyo sababu mitihani ya kuchagua watu wa kwenda kusomea kazi huitwa kwa jina hilo. "Potential" ni uwezo ambao bado haujadhihirika. Ukimwelezea kijana anayecheza udi vizuri, unaweza kumpa maneno yote manne kwa wakati mmoja na kila moja likawa kweli, lakini mwalimu wake wa muziki angechagua moja tu kulingana na anachotaka kukithibitisha.

Kuna mchanganyiko mmoja wa kuepukwa mapema. Wahenga waliosema akili nyingi huondoa maarifa walikuwa wametenga akili na maarifa, na Kiingereza nacho kinatenga "intelligence", "knowledge" na "wisdom". Mwanafunzi anayesema mtu mwenye shahada tatu ni "intelligent" kwa sababu tu ya shahada hizo ameruka hatua ya hoja, na msomaji makini ataiona nafasi iliyoachwa.

Hatua ya 3: Fuata mjadala kwa wataalamu wake

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote na haifai kuharakishwa. Maneno ya mada hii hayakukusanywa na mtunga kamusi. Yaliingia katika elimu na watu waliokuwa wakibishana, na anayejua nani alibishana na nani huyakumbuka maneno kwa urahisi.

Anza na Francis Galton, Mwingereza ambaye mwaka 1869 alitoa utafiti wake juu ya familia za watu mashuhuri na kudai kwamba uwezo mkubwa hurithiwa. Kwake utachukua "hereditary", "inherit", "eminent" na jozi aliyoieneza, "nature" na "nurture", yaani maumbile na malezi. Papo hapo jifunze namna ya kumjibu. Mtoto wa jaji hurithi pia fedha, vitabu na watu wa kumfungulia milango, na Kiingereza cha kitaaluma kina kitenzi kizuri cha kusema mtu amelipita jambo bila kulizingatia: "Galton overlooked the advantages of wealth."

Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitunga mjini Paris kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada darasani. Binet hakuamini kwamba akili ni kiasi kisichobadilika, jambo ambalo wengi waliomfuata walilisahau. Kutoka kwake unapata "assess", "identify" na "mental age". Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza kugawa umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa, na mwaka 1916 Mmarekani Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akatoa toleo la kipimo ambalo jawabu yake huzidishwa kwa 100. Mtoto wa miaka 10 aliyejibu kama mtoto wa miaka 12 alipata 120. Hiyo ndiyo "intelligence quotient", IQ ambayo kila mtu huitaja. Vipimo vya leo havigawi tena umri. Vinamlinganisha mtu na wa rika lake, wastani ukiwekwa 100, na karibu theluthi mbili ya watu huangukia kati ya 85 na 115. Hapa jifunze "the average", "to score above average", "the majority" na "to fall between". Mpaka unaotumiwa mara nyingi kumwita mtoto "gifted" ni 130, wanaoufikia wakiwa takriban asilimia 2.

Terman huyo huyo alianza mwaka 1921 kuwafuatilia watoto wa California waliopata alama za juu. Miongoni mwa watoto waliopimwa na kuachwa nje kwa kukosa alama za kutosha alikuwa William Shockley, ambaye mwaka 1956 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Habari hii moja inakupa sentensi tele za mazoezi kwa kutumia "predict", "fail to identify" na "despite".

Mwaka 1983 Howard Gardner wa Marekani alidai kwamba akili si moja bali ni aina saba, na baadaye akaongeza ya nane. Tazama alichokifanya katika sarufi: "intelligence" kwa kawaida ni nomino isiyohesabika, naye akaiwekea wingi, "multiple intelligences". Kwa hiyo wingi huo utumike pale tu unapozungumzia nadharia yake. Kwengineko ni kosa. Wanasaikolojia wengi wa vipimo hawakumkubali, lakini walimu walimpenda, na katika makala za elimu utamkuta kila mara.

Upande wa bidii una majina yake. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi wa fidla mjini Berlin, wakaeleza kuwa waliokuwa bora zaidi walikuwa wamejilimbikizia saa nyingi zaidi za mazoezi ya peke yao, kwa wastani takriban 10,000 walipofika miaka 20. Istilahi yake ni "deliberate practice", yaani mazoezi yanayolenga udhaifu maalumu, yenye marekebisho ya papo kwa papo, na ambayo kwa kweli hayana raha. Watu wakaigeuza idadi ile kuwa kanuni, wakati yeye mwenyewe hakuitoa kama kanuni. Mwaka 2014 uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi ulionesha kwamba mazoezi ya aina hiyo yanaeleza takriban asilimia 26 ya tofauti za ufanisi katika michezo kama sataranji, asilimia 21 katika muziki na asilimia 4 tu katika elimu. Matokeo ya namna hii huandikwa kwa "account for": "Practice accounted for 21 per cent of the variance in music." Kirai hicho kidogo, "account for", kitakutumikia katika kila somo lenye takwimu.

Carol Dweck na Claudia Mueller waliripoti mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walikwepa kazi ngumu baadaye kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Kwa Dweck utapata "fixed mindset", yaani kuamini kwamba uwezo haubadiliki, na "growth mindset", yaani kuamini kwamba unaweza kukuzwa, ingawa tafiti za baadaye za kuwafundisha wanafunzi mtazamo huu wa pili zimetoa matokeo madogo kuliko yalivyotarajiwa na wengi. Angela Duckworth na wenzake walileta "grit" mwaka 2007, wakimaanisha uvumilivu pamoja na shauku ya lengo la muda mrefu.

Kwa kila mtaalamu andika sentensi mbili, moja ya kusema anachodai na ya pili ya kumpinga au kumpunguzia. Badilisha kitenzi cha kunukuu kila mara, kwa sababu vitenzi hivi navyo vina uzito tofauti. "Claims" kinaashiria kwamba wewe bado hujashawishika, "argues" hakina upande, "suggests" kinafaa ushahidi mdogo, na "demonstrated" kinasema umekubali. "Prove" kiache kwa watu wa hisabati.

Hatua ya 4: Jifunze neno pamoja na jirani zake

Kosa kubwa la waandishi wetu haliko katika maana ya maneno. Liko katika vineno vidogo vinavyoyafuata. Kiswahili kina kiunganishi kimoja kinachofanya kazi nyingi: kipaji cha kuimba, uwezo wa kusoma, bidii ya kazi. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa vihusishi vingi, na kila nomino imechagua chake. Chukua sentensi hii, ambayo mwalimu yeyote wa tuisheni ameshaiona kwa sura moja au nyengine:

"My brother has talent of football and he put many efforts until he succeeded to join the team."

Maana inaeleweka kabisa, na kila kosa limetoka katika Kiswahili sahihi. "Talent" hufuatwa na "for" na, ikiwa ni kipaji cha jambo fulani, hutanguliwa na "a". "Effort" huweza kuhesabika katika "make an effort" na katika "their efforts", lakini katika "put effort into" hubaki bila wingi, na "into" haiachwi. "Succeed" haichukui kitenzi cha "to". Huchukua "in" na kitenzi chenye "-ing", na hapa ndipo wengi tunaponaswa kwa sababu amefanikiwa kujiunga ni kauli safi kwetu. Sentensi iliyorekebishwa ni hii: "My brother has a talent for football, and he put so much effort into it that he succeeded in joining the team."

Kwa hiyo daftarini usiandike "talent" peke yake. Andika "a talent for", "an aptitude for", "the ability to do", "capable of doing", "endowed with", "dedication to", "expertise in", "mastery of". Angalia "ability" na "capable" kwa makini, maana maana zake zinakaribiana na ujenzi wake unapishana: "the ability to learn" lakini "capable of learning".

"Hardworking" ni kivumishi, hivyo "Hardworking is the key to success", sentensi inayopendwa mno katika ubao wa matangazo wa skuli zetu, haisimami; ni "Hard work is the key". Na "hardly" halitokani na bidii hata kidogo kwa maana yake. "He works hard" ni anafanya kazi kwa bidii, ilhali "he hardly works" ni kwamba kazi hafanyi. Anayeandika barua ya kumpendekeza mwenzake akakosea hapo atakuwa amemharibia.

Tenganisha pia maneno yanayofanana sura. "Industrious" ni mchapakazi, "industrial" ni ya viwanda. "Prodigy" tumeshalitaja, "prodigal" ni mbadhirifu wa mali. "Ingenious" ni mbunifu, "ingenuous" ni mtu asiye na hila. "Intelligible" ni kinachoeleweka, na "intellectual" humhusu mtu wa fikra na vitabu, ambaye si lazima awe mwepesi wa kila jambo.

Hatua ya 5: Pima uzito wa sifa

Katika barua za kuombea nafasi za masomo, maneno ya sifa husomwa na watu waliozoea kuzisoma mamia, na wana masikio makali. "Diligent" ni sifa njema, lakini ikiachwa peke yake huashiria kwamba mwandishi hakuwa na la ziada la kusema kuhusu akili ya mwanafunzi. Isindikize: "a diligent and perceptive student". "Clever" kwa Mwingereza huweza kubeba kejeli, kama kwetu tunavyomwita mtu mjanja tukiwa na maana mbili. "Smart" kwa Mmarekani ni mwenye akili. Kwa Mwingereza ni pia aliyevaa vizuri, na smati yetu imebaki na maana hiyo ya mavazi. Katika insha ya kitaaluma liache.

Msimamo wa mtu asiyeacha jambo una ngazi zake. "Determined" ni sifa, "persistent" inaweza kuwa sifa au lawama kulingana na anayesumbuliwa, "stubborn" na "obstinate" ni lawama. "Persevere" ni kuendelea licha ya ugumu, na daima ni sifa. Ukitafuta kuliimarisha neno, usikimbilie "very". Andika "exceptionally gifted", "highly intelligent", "remarkably persistent".

Hatua ya 6: Rekebisha mkazo

Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache, na tunaupeleka mkazo huo huo katika Kiingereza bila kujijua. Kiingereza huuhamisha ndani ya familia moja ya maneno. Soma kwa sauti, ukikaza herufi kubwa: IN-tel-lect, in-TEL-li-gence, in-tel-LEC-tual. Kisha per-se-VERE na per-se-VER-ance, ambapo mkazo haurudi nyuma kwenye silabi ya pili. Halafu GE-nius na ge-NE-tic, AP-ti-tude, PRO-di-gy, in-NATE, he-RE-di-ty. Sikiliza kamusi, rudia, kisha sema neno ndani ya sentensi nzima, kwani peke yake kila mtu hulitamka vizuri.

Hatua ya 7: Kadi na marejeo

Kata kadi ngumu za ukubwa wa kiganja. Upande wa mbele andika sentensi yenye pengo, wala usiandike neno na maana. Kwa "persevere", kadi iwe hivi: mbele, "Although the first harvest failed, the farmers ______ and replanted the clove trees." Nyuma, "persevered", mkazo wa mwisho, nomino "perseverance", isiyohesabika, huchukua "with" au "in", jirani "despite difficulties", fungu la tatu. Maana ya Kiswahili, kutokata tamaa, iandikwe kwa penseli kwenye pembe, na uifute utakapokuwa huihitaji tena.

Hermann Ebbinghaus alionesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunasahau kwa kasi katika saa za mwanzo na kisha kasi hupungua, na kwamba kurejea kwa vipindi huizuia hasara hiyo. Katika miaka ya 1970 Sebastian Leitner akaeneza utaratibu wa masanduku: kadi uliyoipata inasonga kwenye sanduku linalofunguliwa kwa nadra zaidi, uliyoikosa inarudi sanduku la kwanza. Aliyepita chuo cha Kurani hahitaji kuelezwa sana, maana huko mwanafunzi hapewi sura mpya kabla hajafanya muraja, yaani marejeo, wa zile za nyuma, na anayeacha muraja kwa mwezi hujikuta juzuu nzima imemponyoka. Tumia masanduku matano ya viatu au hata bahasha tano, yakifunguliwa kila siku, kila siku ya tatu, kila wiki, kila wiki mbili na kila mwezi. Maneno matano au sita mapya kwa siku yanatosha; ukizidisha, marejeo yatakulemea baada ya wiki chache na utaacha yote.

Maneno ya kuyatambua tu unaposoma, kama "precocious", yasipewe kadi. Kadi ni za maneno utakayoyaandika mwenyewe.

Hatua ya 8: Andika juu ya mtu unayemjua

Chagua mtu ambaye maisha yake yanabishaniwa kwa mada hii. Siti binti Saad anafaa sana. Alizaliwa Fumba mnamo 1880, mama yake akiwa mfinyanzi, akauza vyungu, akahamia mjini, akajifunza muziki, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Alifariki mwaka 1950. Je, ilikuwa sauti aliyopewa, au miaka ya kufundishwa na kufanya mazoezi? Andika aya moja kwa maneno ya fungu la kwanza pekee, ukimtetea Galton. Andika ya pili kwa maneno ya fungu la tatu pekee, ukimtetea Ericsson. Utaona kwamba ukweli wa maisha yake haukubadilika kati ya aya mbili, na kilichobadilika ni hukumu tu.

Aya ya tatu ndiyo ya kitaaluma, nayo inahitaji vitenzi vya kujizuia: "may", "tend to", "suggest", "contribute to", "partly". Kwa mfano: "Her success may be attributed partly to an exceptional voice and partly to years of dedicated practice." Angalia "be attributed to", ambayo inakuruhusu kutaja sababu bila kujifanya ulikuwepo ukiona, na "partly" mbili zinazogawa sababu hizo bila kusema ipi kubwa. Ukitaka kuegemea upande, fungua kwa "while": "While her voice was undoubtedly a gift, it was sustained effort that made her a recording artist." Hapa umekubali upande mmoja katika kishazi tegemezi na kuuweka uzito wako katika kishazi kikuu, ambako msomaji wa Kiingereza hutarajia kuukuta. Fahamu pia kwamba "undoubtedly" ni neno zito. Moja kwa insha nzima linatosha.

Kwa wanaojiandaa na IELTS, insha ya pili ya mtihani huo ni maneno yasiyopungua 250, na inashauriwa ichukue dakika 40, hivyo fanya mazoezi ukijipimia muda kwa saa. Katika sehemu ya kusoma ya mtihani wa kitaaluma, yenye maandishi matatu na maswali 40 kwa dakika 60, maneno ya maswali mara nyingi hayawi yale yale ya maandishi: swali litasema "inborn" mahali ambapo makala imesema "innate", au "effort" mahali ambapo imesema "hard work". Ndiyo sababu mafungu ya hatua ya pili yana kazi hata kwa asiyepanga kuandika.

Mpe aya yako ya tatu mtu anayejua Kiingereza vizuri, umwombe apige mstari tu chini ya anachokiona si sawa bila kukurekebishia. Rekebisha mwenyewe kwa kamusi ya pili. Baada ya wiki iandike upya aya hiyo bila kuangalia ya kwanza, kisha uzilinganishe. Maneno yaliyokuwemo mara ya kwanza na hayakurudi mara ya pili, kadi zake zirudi katika sanduku la kila siku.